Bati ya Kobe kwenye Karakana ya Port Bell

Nimestaafu juzi tu, lakini mdomo wangu bado uko kazini. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaotaka kupaka rangi karakana na kutupa kila kitu chenye kutu, subirini kidogo nimalize kusema. Kutu mtatupa baadaye, na mimi pia mkitaka.

Pale ukutani, chini ya ule ubao wa Kizungu, kuna misumari. Kwenye msumari wa mwisho kuna bati ndogo, imechorwa kobe. Kila kijana mpya akifika ananiuliza, "Mzee, ile ya nani?" Nami namjibu, "Ya kobe." Leo nitajibu vizuri, ila jibu lenyewe lina mzunguko, kama njia ya kwenda Lubaga wakati wa mvua.

Nitaandika kama tunavyoongea. Shule niliishia darasa la saba, tena hilo la saba nilikaa karibu na dirisha. Kiswahili nilikiokota hapa hapa relini, kwa Wakenya, kwa Wakongo na kwa askari. Mtu wa pwani akisoma hii, ameze kwanza dawa ya kichwa.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya mjomba, vikubwa, nimevijazia magazeti. Ilikuwa ile miaka ya utawala wa jeshi hapa Uganda. Nilikabidhiwa kwa Mzee Odera, Mjaluo kutoka ng'ambo ya ziwa, fundi wa breki za mabehewa. Alikuwa mrefu, na kofia yake ilikuwa na mafuta mengi kuliko mabehewa yenyewe. Aliangalia viatu vyangu kwanza.

"Wewe kijana, ndani ya viatu uko peke yako?"

"Niko na habari za jana, Mzee."

Hakucheka, ila masharubu yalitingishika kidogo. Halafu akanionyesha ubao.

"Unajua kusoma?"

"Sana."

"Soma pale."

Nikasoma kwa sauti ya darasani: SAFETY FIRST.

"Maana yake?"

"First ni ya kwanza."

"Na hiyo ya kwanza ni nini?"

"Ni hiyo ingine, Mzee."

"Haya. Ukijua hiyo ingine utaniambia. Mimi naangalia huo ubao tangu enzi za mkoloni, na kila mtu ananiambia kitu chake."

Alisema vile kama mtu anayejisemea, lakini mimi kitu kikiniingia kichwani hakitoki. Mama alikuwa anasema nilizaliwa nikiuliza mkunga anatoka wapi.

Kabla ya neno nikafundishwa bati. Nyinyi siku hizi mna kufuli na karatasi za kusaini. Sisi tulikuwa na bati. Kila fundi alikuwa na yake, ukubwa wa kiganja, rangi nyekundu, na juu yake picha aliyochagua mwenyewe. Picha ni kwa sababu wazee wengi hawakusoma, na pia herufi zikipakwa mafuta zote zinafanana. Ya Mzee Odera ilikuwa samaki. Yangu wakanichagulia wao: jogoo. Walisema ni kwa ajili ya kelele.

Sheria ilikuwa moja. Ukiingia chini ya behewa, unatundika bati yako kwenye ndoano ya mbele, upande wa injini. Dereva akiona bati, hasogei. Ukitoka, unaitoa mwenyewe, unatembea nayo mpaka kwenye injini, dereva anaigusa kwa mkono wake na anakuangalia usoni. Halafu unairudisha ukutani, kwenye msumari wako. Bati ikiwa ukutani, wewe uko nje. Ikiwa kwenye behewa, wewe uko chini. Hakuna mtu mwingine anayeigusa. Si rafiki, si mkubwa wa stesheni, si mkeo akikuletea chakula.

Kuna fundi mmoja alisahau bati yake kwenye behewa akaenda kunywa chai kwa Mama Bea, mama wa Kikongo aliyekuwa na kibanda nje ya geti. Treni nzima ikamngoja. Meli inapiga honi, mkubwa wa stesheni anapiga kelele, na bati imening'inia pale, hakuna aliyethubutu kuitoa. Mwishowe dereva, Ssalongo, baba wa mapacha, akashuka kwenye injini, akaenda kwenye kibanda, akamshika kola, akamleta na kikombe chake mkononi mpaka kwenye ndoano. "Toa," akamwambia. Jamaa akatoa. Ssalongo akaigusa, akamwangalia usoni, akanywa chai iliyobaki kwenye kikombe, akapanda injini. Ndivyo tulivyokuwa. Mtu wa nje angesema tumerogwa.

Sasa turudi kwa neno. Nilianza kwa mkubwa wa stesheni. Akanionyesha lile kabati la chuma ofisini: "Safe ni hii, sefu. Usiiguse." Nikaenda kwa Mama Bea. Alikuwa anakoroga uji bila kuniangalia.

"Safe? Njo kuvuka mupaka na batoto bote. Ingine sijue. Weye unakunywa uji ao unauliza tu?"

Nikanywa uji.

Nsambya, pale kwenye nyumba za polisi, kulikuwa na mzee Mnubi aliyekuwa anafundisha watoto Kurani. Yeye neno la Kizungu hakulijua, lakini nilipomwambia polisi wa pale wamenitafsiria kwa Kiswahili ni salama, akafurahi kama nimemletea mgeni. Akaniambia salama ni ya Kiarabu, na huko ina ndugu wengi: salamu, kusalimika, hata Uislamu wenyewe. Na chini kabisa, akasema, maana yake ni kitu kizima. Hakina ufa, hakina pengo.

"Kama chungu?" nikamuuliza.

"Kama chungu kabla hakijaja kwako wewe," akasema. Aliniona vizuri yule mzee.

Jirani yake juu ya kilima kulikuwa na padri mzungu, mzee sana, alikuwa anasikiliza maungamo ya wagonjwa hospitali. Nilienda kwake na swali nimelishika kama kuku wa sadaka. Akanikalisha. Akasema Waingereza hawakulitengeneza lile neno. Walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini. Huko lilikuwa salvus. Na salvus ni nini? Mzima. Aliyepona. Ndiyo hiyo hiyo inayomtaja Mwokozi kwenye misa.

Nikahesabu kwa vidole. Mnubi kwa njia yake, padri kwa njia yake, hawajaongea hata siku moja, na wote wamefika kwenye neno moja: mzima. Hata sisi kwa Luganda tukiamkiana asubuhi tunaulizana kama tuko balamu, yaani wazima.

"Na sefu ya ofisini, Father?"

Akacheka. Akasema kwao, alipokuwa mtoto, safe ilikuwa kabati la jikoni lenye wavu, mama yake anaweka nyama nzi wasiifikie. Nilifurahi mpaka nikasahau adabu, nikapiga paja lake. Kumbe kila nikipita ofisini mkubwa wa stesheni alikuwa analinda kabati la nyama!

Halafu nikauliza neno lingine. Nyinyi hamkuwepo, kwa hiyo nieleze. Wakati ule kulikuwa na neno security, na hilo lilikuwa linatembea kwa gari. Likisimama mlangoni kwako, majirani wanazima redio. Hata Kiswahili chenyewe mjini, kwa kuwa ni lugha ya askari, kilikuwa kama magwanda: ukikisikia dirishani usiku unajiuliza umekosa nini. Kwa hiyo nilimuuliza padri kwa sauti ndogo. Yeye akasimama kwanza, akafunga dirisha, akarudi kukaa.

"Se ni bila," akasema. "Cura ni wasiwasi. Bila wasiwasi."

"Kwa hiyo wale watu wa security ni watu wasio na wasiwasi?"

"Neno lilitaka kusema sisi ndio tusiwe nao."

"Na sisi tunao, Father."

"Kunywa chai," akasema.

Kesho yake nikamletea Mzee Odera habari zote, Mnubi, Kilatini, Wafaransa, nzi. Alikuwa anapaka grisi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzima," akasema. "Kwetu tungesema ngima. Ni nzuri. Umekaribia."

"Nimekaribia? Mzee, nimefika mpaka Roma!"

"Roma hakuna behewa. Nipe hiyo spana."

Sasa mje kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mchana, mvua imepita, mawe ya reli yanang'aa. Meli ilikuwa imeshusha mabehewa, yameungwa kwenye injini ya Ssalongo yaelekee mjini. Behewa moja katikati breki yake ilikuwa imeshika gurudumu. Nikatundika jogoo wangu kwenye ndoano, nikaingia chini na Mzee Odera akawa nje ananipa vyombo. Tulikuwa tunabadilisha kile kipande cha chuma kinachobana gurudumu. Nikaweka mkono wa kulia kati, kupapasa, na wenzo ukateleza. Chuma kikarudi kwenye gurudumu, na mkono wangu uko ndani.

Haukukatika. Uligandamizwa tu, kama mtu amekusalimia na hataki kuachia. Lakini gurudumu likizunguka hata kidogo, ningebaki na mkono mmoja wa kupigia soga.

"Mzee, nimeshikwa."

Akainama, akaangalia. "Usivute. Naenda kuleta mtaimbo." Akaondoka mbio, na yeye hakuwa mtu wa mbio.

Nikabaki. Chini ya behewa huoni watu, unaona viatu tu. Nikaona buti zinakuja. Nyeusi, zimepigwa rangi mpaka zinaonyesha anga. Zikasimama kwenye ndoano yangu, na nikasikia bati inatolewa.

Unajua sauti ya bati yako mwenyewe. Ikitolewa na mkono wa mtu mwingine, unatambua hapo hapo.

"We!" nikaita. "Hiyo bati ina mtu!"

Buti zikaenda upande wa injini.

Ya huko mbele nilisimuliwa baadaye na Ssalongo. Alikuwa afisa mmoja wa jeshi, kijana wa kaskazini, mabega mapana, na kwenye yale mabehewa kulikuwa na masanduku ya mkubwa wake. Mkubwa alikuwa anayangoja mjini. Afisa akamrushia Ssalongo bati.

"Haya. Mmemaliza. Toa gari."

Ssalongo hakuigusa. Akaiacha ianguke, akaangalia jogoo amelala chini.

"Afande, hii ni ya jogoo. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mimi naletea wewe."

"Wewe si jogoo, ssebo," akasema, yaani bwana.

Afisa akatoa bastola, akaiweka juu ya goti la Ssalongo. Ssalongo alisema goti lile lilipata baridi mpaka jioni. Hakuwa mtu wa kutafuta ushujaa, ana mapacha nyumbani. Lakini alikuwa amezoea kugusa bati na kuona sura, na mkono wake ulikataa kusogeza injini, akasema, kama vile unavyokataa kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

"Afande, usikasirike. Aniletee mwenyewe, kwa mkono wake, tunaenda saa hiyo hiyo. Injini inawaka, unasikia?"

Afisa akaokota bati. Buti zikarudi. Safari hii zikakunjika, na nikaona sura imeinama, kofia imekaa upande.

"Wewe ndiyo jogoo?"

"Ndiyo, afande."

"Toka."

"Mkono umebanwa, afande. Mzee ameenda kuleta mtaimbo. Anakuja sasa hivi."

Akaangalia mkono. Akafikiri. Namkumbuka alivyofikiri, bila hasira, kama mtu anayechagua ndizi sokoni.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Ni moja tu," akasema. "Uko na ingine."

Akasogeza bati mpaka kwenye mkono wangu wa kushoto.

"Shika."

Nikashika.

"Sasa nipe mimi. Napelekea yule mzee wa injini, naambia yeye wewe umetoa na mkono yako."

Hapo nikamwelewa. Alikuwa ameelewa sheria yetu haraka kuliko mimi siku ya kwanza. Nikimpa, itakuwa imetoka mkononi mwangu, na pengine Ssalongo angeamini, bastola ingemsaidia kuamini. Nikaikaza bati.

"Nipe!"

"Afande, samahani. Siwezi."

Akaanza kuvuta. Mimi navuta. Jogoo yuko katikati, anavutwa mkia na kichwa. Akalala kwa tumbo kwenye mawe na magwanda yake yaliyopigwa pasi, akavuta, nikavuta. Akaona hana nguvu akiwa pale nje, akaingia kwa mabega, akavuka reli kwa kifua, akaingia mpaka kiunoni. Tukawa uso kwa uso chini ya behewa, wote tunahema, tunagombania kipande cha bati kama watoto wa mama mmoja.

Nikasikia viatu vya Mzee Odera. Vikasimama kwenye ndoano tupu. Vikageuka, vikaona buti mbili zimechomoza chini ya behewa.

"Jambo, afande," Mzee akasema, kwa heshima kabisa.

"Jambo, mzee! Hii kijana yako iko na kichwa ngumu!"

"Ndivyo alivyo. Bati iko wapi?"

"Tumeshika!"

"Wote wawili?"

"Ndiyo!"

"Kwa hiyo ndoano iko tupu," Mzee akasema. Hakupandisha sauti. "Na dereva akitazama huku, anaona hakuna mtu chini."

Sijui kama Mungu anapenda mzaha. Saa ile ile injini ilipumua mbele. Ssalongo aliapa baadaye kwamba hakugusa kitu, ni upepo wa breki tu. Lakini vile vyuma vya kuunganisha mabehewa vikalia kimoja baada ya kingine, vinakuja upande wetu, kla, kla, kla. Gurudumu likasogea. Kidogo sana, kama kope. Kidole changu kidogo kikapasuka na nikapiga kelele iliyostahili ile picha waliyonipa.

Afisa alikuwa amelala na kifua juu ya reli. Akageuza kichwa, akaliona gurudumu kwa upande tunaouona sisi. Lile gurudumu ukiwa umesimama ni kitu cha kawaida, unaweza kuliegemea. Ukiwa umelala ni lingine.

Akaachia bati. "Mzee! Tundika! Tundika hiyo kitu!"

"Ya jogoo hatundiki mtu mwingine, afande."

"Tundika yako! Tundika yoyote!"

Nikasikia samaki anagusa ndoano. Sauti tamu kuliko kengele ya kanisa la Lubaga siku ya Pasaka. "Ssalongo!" Mzee akaita. "Samaki yuko chini!" Kutoka mbali Ssalongo akajibu, "Kale!", yaani sawa. Halafu Mzee Odera akaingia na mtaimbo wake, tukawa watatu.

"Afande, kwa kuwa uko hapa," Mzee akasema, "shika mwisho huu. Ukisikia 'sasa', sukuma."

Na yeye akashika. Nisimnyime haki yake, alisukuma kama ng'ombe. Chuma kikaachia, mkono ukatoka. Kidole kidogo kilikuwa bapa, na ndivyo kilivyo mpaka leo, mnakijua, mnakicheka.

Tulipotoka nje, afisa alikuwa na grisi usoni na kofia imebaki chini. Akaangalia mkono wangu.

"Iko mzima?"

"Sehemu kubwa, afande."

Mimi na Mzee tukaangaliana. Nilitoa jogoo mfukoni, nikamfuta damu kwa shati, nikatembea mpaka kwenye injini. Ssalongo akamgusa, akaniangalia usoni muda mrefu kuliko kawaida. Mzee akaja na samaki wake, naye akaguswa. Treni ikaenda. Afisa akapanda behewa la nyuma, na kabla halijatuacha akatuambia, "Hamkuona kitu."

"Kitu gani, afande?" Mzee akajibu.

Mkidhani tulicheka, hapana. Mtu wa jeshi amelala chini ya behewa akipiga kelele mbele ya mafundi, na masanduku ya mkubwa yamechelewa. Watu walipotea kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Ssalongo aliwapeleka mapacha kwa bibi yao. Mama yangu akifunga mlango jioni anasukuma na kabati nyuma yake. Kila gari lililosimama karibu na geti, tuliacha nyundo hewani tukisikiliza mlango gani unafunguliwa.

Na kweli akaja. Alikuja kwa miguu, amevaa shati la kawaida, bila kofia, peke yake. Mzee Odera alisimama mbele yangu kidogo, kama kwa bahati.

"Mzee," afisa akasema, "nataka bati."

"Bati ya nani, afande?"

"Yangu. Nichoree."

Mzee akamwangalia. "Lakini afande, wewe hufanyi kazi chini ya behewa."

"Wewe unajua mimi nafanya kazi chini ya nini?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza kweli. Nilimwona macho, yalikuwa ya mtu ambaye halali. Na mimi, mnanijua, siwezi kuacha kitu.

"Afande, padri aliniambia security kwa Kilatini ni mtu asiye na wasiwasi."

Mzee akanikanyaga kiatu. Afisa akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Padri yako hajafika ofisini kwetu."

Nikachukua bati tupu na brashi. "Nichore nini? Simba? Chui?" Nilidhani mtu kama yule hawezi kutaka mnyama wa chini ya hapo.

"Kobe."

"Kobe, afande?"

"Yeye anatembea na nyumba yake. Usiku watu hawagongi mlango yake."

Nikachora kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa bado na bandeji, ndiyo maana kobe anafanana na chapati yenye miguu. Sasa mjue, mwache kunitania. Rangi ilikuwa haijakauka. Akaishika kwa ncha za vidole, akaangalia ukuta.

"Ikiwa hapa, maana yake nini?"

"Uko nje," Mzee akasema. "Mzima."

"Na ikiwa kwenye gari?"

"Uko chini, na watu wasisogeze kitu mpaka utoke."

Alisimama pale na bati mkononi. Nilidhani atauliza tuitundike wapi ili watu wake wasisogeze kitu. Lakini alijua kuliko sisi kwamba ofisini kwao hakuna Ssalongo wa kungoja bati. Akaenda kwenye msumari wa mwisho, akaitundika mwenyewe.

"Acha ikae hapa. Ikikauka nakuja kuchukua."

Ilikauka. Tuliisubiri wiki ile na mwezi ule. Baadaye tukasikia hili na lile. Kampala ya wakati ule ilijaa hili na lile, na aliyejua kweli hakusema. Mimi sisemi alikuwa mtu mzuri. Mkono ni moja tu, alisema, na angeweza. Nasema tu kwamba hakuja.

Mzee Odera aliondoka kabla yangu. Wakenya walipoanza kuambiwa maneno mabaya barabarani, alifunga vitu vyake. Siku ya mwisho akaenda ukutani, akamtoa samaki kwa mkono wake, akamfunga ndani ya shati. Nilimsindikiza mpaka melini nikiwa na kitu cha kumwambia.

"Mzee, ule ubao. Nimepata."

"Sema."

"Mzima, si neno la kusema peke yako. Mtu anakuuliza kwanza, 'Mzima?' Wewe unajibu. Asipokuwepo wa kukuuliza, hata kama una vidole vyote, hujui."

Akafikiri. Masharubu yakatingishika.

"Kijana," akasema, "wewe mzima?"

"Mzima, Mzee. Sehemu kubwa."

Akapanda meli. Hiyo ndiyo siku niliyofaulu mtihani, na cheti chake ni hiki kidole.

Kwa hiyo pakeni rangi, vijana. Ukuta unahitaji, sikatai. Ubao mkitaka mfuteni mwandike kwa lugha yenu. Jogoo wangu nimeshamtoa, yuko nyumbani, mke wangu anasema hata yeye ananyamaza kuliko mimi. Lakini kwa kobe zungusheni brashi, mmwache na msumari wake. Miaka yote ile nikifungua karakana asubuhi nilikuwa namwambia, "Afande, mzima?" halafu naendelea na kazi. Nyinyi mkiona aibu kuongea na bati, muulizeni kimoyomoyo. Ila msimtoe. Aliyemtundika hajaja.